Kabla ya kung'oa kiazi cha uani, angalia ncha ya jani

Wamama wa Lubumbashi, jana nikilima lupango nilikuta kiazi chenye pande mbili kama herufi V, chini ya ule mmea wa kutambaa wenye maua mekundu na njano yaliyopinda juu kama moto. Jina lake la kitaalamu ni Gloriosa superba. Usikipike! Shika jani la juu: likiishia kwa kakamba kembamba kaliyojikunja, kinachoshika matawi ya jirani, ndiyo huo. Kiazi kikuu hupanda kwa kuzungusha shina lake, na majani ya kiazi kitamu hayana kakamba. Ndani ya kiazi cha Gloriosa mna sumu iitwayo kolkisini. Wafamasia huipima kidogo sana kutibu jongo, lakini kwenye kiazi haina kipimo, na moto wa jiko hauiondoi. Kutapika na kuharisha huanza baada ya saa kadhaa, wakati sumu imeshaingia mwilini. Aliyekula apelekwe hospitali mara moja, hata kama bado yuko mzima.

Majani ya chini mara nyingi hayana kakamba, na kiangazi mmea hukauka wote. Hapo kipimo hiki cha ncha ya jani hakifai: kiazi usichokijua, kitupe mbali na watoto.