Anzia kijijini: kufundisha vijana uongozi kwa mkutano mkuu wa mfano

Ukiwaambia wanafunzi wa Dodoma waunde serikali ya mfano, wote watakimbilia Bunge. Wamelizoea jengo lenyewe, wamezoea misafara ya waheshimiwa, na kila mmoja anataka kukalia kiti cha Spika. Mimi ni mwalimu wa Uraia huku Chamwino, na ninachokushauri, mwalimu mwenzangu, ni hiki: anza na mkutano mkuu wa kijiji. Bunge lije baadaye.

Mwanafunzi wa kidato cha nne akitimiza miaka 18 anaingia mkutano mkuu wa kijiji chake kwa haki yake mwenyewe, bila kuchaguliwa na yeyote. Ubunge hawezi kuugombea mpaka afike 21. Na mkutano huo una meno. Hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi inapopaswa kusomwa kila baada ya miezi mitatu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila mkutano mkuu kuridhia. Huku kwetu, ambako mvua ni ya msimu mmoja na shamba la zabibu linagombea eneo na malisho ya ng'ombe, kijana asiyejua hilo ataikuta ardhi ya wazazi wake imeshaamuliwa. Hata Marekani, kwenye programu ya Boys State iliyoanza Illinois mwaka 1935, vijana hupangwa kwanza katika miji na kaunti zao za mfano, ndipo wapande hadi ngazi ya jimbo.

Kwanza omba ruhusa ya mkuu wa shule kwa maandishi, na wazazi wajulishwe. Andika wazi kwamba hakutakuwa na rangi, alama wala kaulimbiu ya chama chochote, na hakuna atakayeigiza kiongozi aliye hai. Kijiji mkipe jina la kubuni. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu ukitumia jina la kijiji halisi, mtendaji wake atasikia kabla jua halijazama kwamba watoto wa shule wanamkagua.

Kwa darasa la wanafunzi 50, chagua halmashauri ya kijiji ya watu 15, ambao ndio wachache kabisa wanaoruhusiwa na sheria (mwisho ni 25). Wagawe kwenye zile kamati tatu: Fedha, Uchumi na Mipango; Huduma za Jamii na Shughuli za Kujitegemea; Ulinzi na Usalama. Mwenyekiti achaguliwe kwa kura ya siri. Mtendaji usimpigie kura, mteue wewe, maana mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa na ndiye katibu wa kikao. Wanafunzi wengi hawajui tofauti hiyo, na wataielewa pale mtendaji atakapotaka kupiga kura akaambiwa hana.

Waliobaki, 34, ni wananchi, na kwangu mimi hao ndio kiini cha somo. Usiwaache wakae kama watazamaji. Kila mmoja aokote kikaratasi kapuni chenye mtu wa kuigiza, shida yake, na jambo moja analolijua yeye peke yake. Mfugaji anayehofia njia ya mifugo kuzibwa. Bibi asiyeona vizuri ambaye shamba lake linapakana na eneo analoliomba mwekezaji. Kijana wa bodaboda aliyebeba mifuko ya saruji na anajua iliteremshwa wapi. Mama muuza mboga anayelipia kibanda sokoni na hajawahi kupewa stakabadhi. Fundi, mjane, mtu anayetembea kwa magongo na anayetaka kujua choo kipya kina ngazi ngapi. Wanafunzi wanaosema sana darasani wape watu wapole. Hawa wakimya wape wenye siri nzito.

Sasa taarifa ya fedha, ambayo naiandaa kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Iandike kwenye bango kubwa, ibandikwe siku mbili kabla ya mkutano. Yangu huwa hivi. Mapato: pango la vibanda vya soko Sh 960,000; mauzo ya alizeti ya shamba la kijiji Sh 1,150,000; michango ya ujenzi wa choo cha shule Sh 890,000. Jumla Sh 3,000,000. Matumizi: mabati 40 Sh 1,240,000, saruji Sh 740,000, posho za vikao Sh 420,000, usafiri Sh 180,000, mengineyo Sh 270,000. Salio Sh 50,000.

Jumlisha mwenyewe: matumizi ni Sh 2,850,000, kwa hiyo salio linalopaswa kuwepo ni Sh 150,000. Laki moja imeyeyuka. Usimwambie mtu. Usimwambie hata mtendaji. Mpe tu bahasha yenye stakabadhi chache na umwachie kazi ya kujibu. Darasa moja hawakuliona kosa la hesabu kabisa, ila mvulana mmoja ambaye mjomba wake ni fundi aliinua mkono akauliza choo cha matundu sita kinaezekwaje kwa mabati 40. Mabati hayo nilikuwa nimeyaweka kwa makusudi, lakini sikutegemea swali lije na vipimo vya kenchi na idadi ya misumari. Mwenyekiti akamwambia akae, anapoteza muda. Hapo nilisimamisha mkutano, kwani hapo ndipo mwalimu anapohitajika. Nikawauliza wote: mwenyekiti ana mamlaka ya kumkalisha mwananchi anayeuliza swali lililo ndani ya ajenda? Walibishana mpaka kengele ikalia, nami nikawaacha waendelee.

Ajenda iwe ileile inayotumika vijijini: kufungua kikao, kusoma na kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, ombi la ardhi, mengineyo, kufunga. Kila msemaji dakika mbili, na mtu wa saa akae mbele. Weka pia kanuni kwamba akishazungumza mwanamume, anayefuata ni mwanamke, na mkono usipoinuka mwenyekiti asubiri. Wasichana wetu wengi wamewaona mama zao wakikaa nyuma kimya mikutanoni, nao watakaa vivyo hivyo usipoweka utaratibu wa kuwaleta mbele. Mara ya kwanza ukimya utakuwa mrefu. Uvumilie.

Kwenye kura ya ardhi wahesabu mikono na kuandika idadi: waliokubali, waliokataa, waliojizuia. Muhtasari uwe na uamuzi, mhusika na tarehe ya utekelezaji. "Wananchi walishauri suala lishughulikiwe" si uamuzi. Mrudishie mtendaji aandike upya.

Fanya mikutano angalau miwili, ukiacha wiki mbili katikati. Bila mkutano wa pili hakuna yatokanayo, na wanafunzi hawataonja ile hali ya kusimama mbele ya watu waliokupa kazi na kueleza kwa nini hujaifanya.

Baada ya hapo, Bunge. Hili si gumu kuliandaa, kwa kuwa vijana wameshajifunza kuuliza. Ukiwa karibu na mji, shule iandike barua Ofisi ya Bunge kuomba nafasi ya kuketi jukwaa la wageni. Mkutano wa Bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, una mengi ya kuona. Kikao huanza saa 3 asubuhi, na kipindi cha maswali huwa mwanzoni. Mliopo mbali, Kibakwe au Kondoa, tumieni redio, au Taarifa Rasmi za Bunge zilizoko kwenye tovuti yake. Kila mwanafunzi afuatilie swali moja: nani aliuliza, wizara gani ilijibu, jibu lilikuwa na kiasi au tarehe ndani yake? Kisha waigize kwa Kiswahili cha Bunge chenyewe, na "Mheshimiwa Spika, ninayo maswali mawili ya nyongeza" yake. Waziri wa mfano asiyetaja tarehe, muuliza swali ana haki ya kumrudia.

Mwisho wa muhula, mwombe mkuu wa shule awape wanafunzi jambo moja la kweli walijadili na kuliamua: zamu za bomba la maji, au matumizi ya fedha ya shamba la mtama la shule. Kiasi kikiwa kidogo si neno. Awaoneshe hesabu halisi na stakabadhi zake, na kama hawezi kukubali uamuzi wao, awaeleze sababu mbele ya mkutano. Mihtasari yote iwekwe faili moja, kidato cha nne wakiondoka walikabidhi kwa kidato cha tatu, wao waanze na yatokanayo.