SOMO: Kupanga bei ya programu yako nchi kwa nchi kwenye Google Play

Wakuu, swali la "niuze dola ngapi?" linarudi kila wiki na nimechoka kulijibu vipande vipande. Jibu lote hili hapa. Mtu akiuliza tena, mpeni uzi huu.

1. Anza na bei ya nyumbani, kwa shilingi.

2. Chagua nchi chache unazozitegemea. Nyingine iachie Play Console (ukurasa wa Google wa kusimamia programu yako) ijaze bei yenyewe.

3. Zile chache, zipangie kwa mkono kulingana na mifuko ya watu wa huko. Angalia huduma kama Netflix zinalipiwa kiasi gani pale. Mwaka 2023 wao wenyewe walishusha bei nchi nyingi za Afrika.

4. Toa kodi kabla hujahesabu faida. Ujerumani mteja akilipa euro 11.90, VAT ya asilimia 19 inachukua 1.90. Ukiwa daraja la kamisheni ya asilimia 15, Google wanachukua 1.50 kwenye zile 10 zilizobaki. Unabaki na 8.50.

5. Fuatilia thamani ya fedha. Hapa ndipo watu wanaumia, someni taratibu. Bei uliyoweka haijisogezi dola ikipanda au kushuka. Januari 2024 dola moja Kenya ilifika shilingi 160, kwa hiyo dola 5 zilikuwa 800. Katikati ya mwaka dola ilirudi karibu 130, na ile 800 ikawa zaidi ya dola 6. Mkenya akawa analipa zaidi ya Mmarekani wa dola 5! Nigeria ni kinyume: naira iliachiwa ipangwe na soko Juni 2023 ikiwa kama 460 kwa dola, na Februari 2024 ilipita 1,500. Naira 2,300 zilizokuwa dola 5 zikabaki dola moja na nusu.

ONYO: ukipandisha bei ya malipo ya mwezi, inawahusu wateja wapya tu. Wa zamani wanabaki na bei ya zamani mpaka uwahamishe, na mara nyingi lazima wakubali wenyewe. Asiyekubali anakatiwa. Kagua kila miezi mitatu, usingoje pengo liwe kubwa.

MASWALI

— Mkuu, kwa hiyo niweke dola ngapi?
Hatua ya 3. Isome.

— Nimesoma, ila ungenitajia tu namba.
Hujasema programu inafanya nini wala unamuuzia nani. Namba itoke wapi?

— Mtu wa Ulaya hawezi kuwasha VPN (programu ya kuficha nchi uliyopo) akanunua kwa bei ya Tanzania?
Swali zuri sana. VPN peke yake haitoshi: Play inataka njia ya malipo ya nchi husika, na nchi ya akaunti hubadilishwa mara moja tu kwa mwaka. Ukiuza kwenye tovuti yako, fungamanisha bei na nchi ilikotolewa kadi ya mteja.

— Wateja wangu Kenya wanasema bei ya mwezi ni kubwa. Nishushe?
Kabla ya kushusha, jaribu malipo ya wiki, Play inayaruhusu. Watu wetu wamezoea kununua bando la siku na la wiki. Weka bei ya wiki ambayo ukiipigia mara nne inazidi kidogo ya mwezi, ili anayeweza kulipa mwezi asihame.