SOMO: Kutangaza gemu kwa Kiswahili, kuanzia maikrofoni mpaka maoni ya watazamaji

Habari zenu ndugu zangu. Kuna madada kadhaa wameniambia walianza kutangaza gemu, yaani kucheza huku wanasimulia kwenye video, wakaacha kwenye video ya pili au ya tatu. Nikiwauliza, tatizo si simu wala bando. Ni yale waliyoandikiwa chini ya video. Kwa hiyo leo nafundisha yote mawili kwa pamoja, kurekodi na kujilinda, kwa sababu ukijua la kwanza peke yake hutafika mbali.

Hatua ya 1: Chagua gemu ambayo vidole vyako vinaijua

Huwezi kuongea vizuri huku unatafuta kitufe. Mimi nilianza na mpira, maana nimekulia kwenye banda la gemu la kaka yangu Temeke, na Kiswahili cha mpira kipo tayari. Tobo, kanzu, chenga, shuti la mbali: watangazaji wa redio walishatulimia hilo shamba. Gemu ya hadithi inataka kazi zaidi. Usimsomee mtazamaji maandishi anayoyaona mwenyewe. Mwambie kwa nini umepita kushoto, na nini kimekutisha.

Hatua ya 2: Rekodi sauti yako mbali na sauti ya gemu

Kwenye kompyuta tumia OBS Studio, programu ya kurekodi skrini na sauti, ni ya bure. Maikrofoni iwekee njia yake na gemu njia yake. Hapo ukikohoa unafuta kikohozi tu, goli linabaki na kelele zake.

Aina ya faili la video chagua MKV, usiweke MP4 ya kawaida. Hili nimelilipia. Umeme ulikatika dakika ya 80 ya fainali niliyoiandaa wiki nzima, na ile MP4 haikufunguka tena. MKV ikikatika njiani, kilichokwisha kurekodiwa kinabaki, na OBS yenyewe ina sehemu ya kuigeuza iwe MP4 baadaye.

Wa simu: Android 10 kwenda juu inaruhusu programu za kurekodi skrini kuchukua sauti ya ndani ya gemu, kama gemu yenyewe haijazuia.

Chumba sasa. Fungua kabati la nguo, kaa ukiliangalia. Khanga na vitenge vilivyoning'inia vinameza mwangwi kuliko ukuta wowote. Maikrofoni iwe umbali wa kiganja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili "p" na "b" zisiipulize. Zima feni, hata kama ni Dar mwezi wa pili. Ukipaza sauti kwenye goli, kipimo cha sauti cha OBS kisivuke desibeli -6. Kikigusa sifuri sauti imepasuka, na iliyopasuka hairudi.

Hatua ya 3: Itumie lugha yetu ilivyo

Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Gemu ya Metroid ilitoka Japani mwaka 1986. Anayepigana, Samus Aran, amevaa chuma mwili mzima. Kijitabu cha Kiingereza kilimtaja kama mwanamume. Ukimaliza gemu haraka, kofia inavuliwa: ni mwanamke. Wengi walipigwa na butwaa.

Sasa fikiria mtu angeitangaza kwa Kiswahili. Anaruka, anapiga, amekwepa, amefika. Hakuna mahali ambapo ungelazimika kusema uongo. Herufi moja tu, "a", inambeba mtu yeyote. Watangazaji wa Kiingereza, wenye "he" ya mwanamume na "she" ya mwanamke, wanahangaikia jambo ambalo bibi zetu walishalimaliza.

Lakini sisi wenyewe tunaliharibu. Tunakutana na mpinzani mtandaoni, hatumwoni wala hatumjui, tunaanza: "huyu jamaa", "huyu mwamba", "mshikaji kakimbia". Akishindwa ndipo tunasema "anacheza kama demu". Sema mpinzani. Sema "amekimbia". Jaribu kwenye mechi moja nzima, uone kama utangazaji umepungua utamu. Wangu haukupungua.

Hatua ya 4: Panga sehemu ya maoni kabla ya kupandisha video

Si baada. Kabla. Ndani ya YouTube Studio kuna orodha ya maneno ya kuzuia. Andika matusi unayoyajua, na maandishi yake ya kupotosha. Wakizoea kukuambia urudi jikoni, andika "jikoni", "jikon", "jiconi". Kisha chagua maoni yashikiliwe mpaka uyapitie. Mwezi wa kwanza usiyapitie peke yako. Mpe mtu unayemwamini ayasome kwanza, wewe uletewe yanayohusu mchezo.

Jambo hili ni zito na lina historia. Mwaka 2012 Anita Sarkeesian alitangaza mfululizo wa video za kuchambua wanawake walivyochorwa kwenye gemu, akaandamwa na matusi hata kabla hajaitoa ya kwanza. Oktoba 2014 alifuta hotuba yake katika chuo cha Utah State, Marekani, baada ya tishio la mauaji ya halaiki. Tarehe 1 Septemba 2021 watangazaji wengi wa Twitch, mtandao wa kurusha gemu mubashara, waligoma siku nzima kwa sababu makundi yalikuwa yakiwavamia kwa matusi. Kwa hiyo dada, ukitukanwa, usidhani ni kwa sababu umetangaza vibaya.

Yangu yalikuwa "kaka yako ndiye anayecheza, wewe unaongea tu". Nikaweka kamera ya pili juu ya mikono yangu ili waone. Unajua kilichofuata? Wakaanza kujadili kucha. Wakauliza kama pete ni ya ndoa. Mechi ilikuwa 4–3 na hakuna aliyeitaja. Kamera nikaiondoa, na tangu hapo simthibitishii mtu kitu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo dada. Nikitumia programu ya kuifanya sauti iwe nzito, si nitapona?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Ukiona hatari ya kweli, itumie, usalama kwanza. Lakini kama ni aibu tu, usiibadili. Sauti iliyokorogwa inachosha masikio, na siku ikigundulika watasema ulidanganya. Sylvia Gathoni wa Kenya anacheza Tekken, gemu ya kupigana, kimataifa kwa jina la Queen Arrow, umalkia ameuweka mbele kabisa. Na gemu ya mpira ya FIFA 22 ilimweka mwanamke, Alex Scott, mchezaji wa zamani wa timu ya taifa ya England, kwenye utangazaji wa Kiingereza ndani ya gemu yenyewe.

Swali: Mimi ni mwanaume, dada. Hatua ya 4 inanihusu nini?

Jibu: Inakuhusu sana, kaka. Wewe ukicheka neno, mashabiki wako wanalichukua wanakwenda nalo kwenye chaneli ya mwingine. Nimepata ujumbe wa faragha kutoka kwa mabinti wanaotazama kwa majina ya kiume ili waandike maoni kwa amani. Huenda wapo na kwako. Halafu cheza na timu za wanawake, zipo tangu FIFA 16, zilianza 12 za taifa. Tobo ni tobo, litangaze kwa nguvu ileile.

Swali: Hela zinaingia lini?

Jibu: Mgawo wa matangazo YouTube unataka waliojiunga 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Zima muziki wa gemu kwenye mipangilio yake, nyimbo zina wenyewe. Na usipandishe mchezo mtupu bila kuongea, unaweza kukataliwa.

Swali: Mwanangu wa kike ana miaka 14 na anataka kuanza. Naogopa.

Jibu: Mama, hofu yako ni ya haki. Aanze bila uso, bila jina lake la kweli, bila kutaja shule wala mtaa. Maoni yafungwe kabisa, na asirushe mubashara. Akaunti ikae kwenye simu yako. Halafu kaa naye akirekodi ya kwanza, umsikie anavyoita goli. Mkiipandisha, nitumie kiungo. Nitaitazama mpaka mwisho.