Somo: Kununua nyumba Barbados, uliza ardhi kwanza

Salaam wandugu. Tangu niseme kwamba wakwe zangu ni watu wa Barbados, kile kisiwa cha Karibiani, maswali ya kununua nyumba huko hayaishi. Naandika mara moja kwa wote.

Zuri lenyewe ni kwamba mgeni anaweza kumiliki ardhi moja kwa moja. Kwetu Kenya, Katiba ya 2010 inampa asiye raia upangaji usiozidi miaka 99. Barbados haihesabu miaka. Ila usikimbilie kutoa pesa.

Hatua ya 1: Jua unauziwa nini.
Mimi na mume wangu tuliona nyumba ya mbao kaskazini, St. Lucy, nzuri kama ya kuchorwa, bei ya kutupa. Tulikaribia kutoa arubuni. Wifi yangu akauliza neno moja tu: "Na ardhi?" Ardhi haikuwamo.

Watu wa Mombasa mtacheka, maana nyumba bila ardhi tumezaliwa nazo. Kule mambo yalianzia utumwani. Waingereza walianza kuhamia huko 1627, baadaye wakakijaza kisiwa miwa. Utumwa ukafutwa 1834, lakini watu wakaendelea kufanyishwa kazi kwa lazima hadi 1838, na ardhi karibu yote ikabaki kwa mabwana wa mashamba. Aliyeachwa huru alipangishwa kipande palepale shambani. Akigombana na bwana, kazi imekwenda na kipande kimekwenda. Ndipo watu wakajenga nyumba za mbao juu ya mawe yaliyopangwa tu, ili siku ya kufukuzwa waivunje ubao kwa ubao, waipakie mkokotenini, wakaisimamishe kwingine. Wenyeji huziita chattel, yaani mali ya kubebeka. (Neno hilohilo sheria ilimwitia mtumwa. Kila nikiliona kwenye tangazo la nyumba, moyo huniruka.)

Mwaka 1980 ilitoka sheria ya kumruhusu mpangaji wa mashamba hayo anunue kiwanja chake kwa senti 10 kwa futi ya mraba. Kiwanja chetu cha futi hamsini kwa mia kingekuwa dola 500 za huko. Haki hiyo ni ya mpangaji aliyekaa pale miaka, si yangu wala yako. Wapo waliolipa wakapata hati, na wapo ambao makaratasi yao hayajamalizika. Kwa hiyo ukipenda nyumba ya namna hii, usiulize bei kabla ya kuuliza hati ya kiwanja iko kwa jina la nani.

Hatua ya 2: Wakili wako mwenyewe.
Wa muuzaji ni wa muuzaji, hata akiwa mcheshi namna gani. Wako atafuatilia hati zilivyopita mkono kwa mkono, deni la kodi ya ardhi na kibali cha ujenzi. Ada huwa kati ya asilimia 1 na 2.5 ya bei, na juu yake VAT ya asilimia 17.5.

Hatua ya 3: Mkataba.
Unatia sahihi na kuweka asilimia 10, ambayo wakili wa muuzaji huishikilia kama amana. Salio kwa kawaida ni ndani ya miezi mitatu hivi.

Hatua ya 4: Pesa zipite mlangoni.
Hapa ndipo wageni hujikwaa. Asiye mkaazi anahitaji idhini ya Benki Kuu ya Barbados, na pesa alizoingiza kutoka nje zisajiliwe pale. Dola 2 za Barbados ni dola 1 ya Marekani tangu 1975, na nchi hulinda akiba yake ya fedha za kigeni. Usiposajili leo, siku ya kuuza utapata tabu kuzitoa. Kila karatasi ya usajili iweke pamoja na hati.

Hatua ya 5: Kukabidhiana.
Kodi ya uhamisho, asilimia 2.5, na ushuru wa stempu, asilimia 1, ni juu ya muuzaji. Wewe utabaki na kodi ya ardhi ya kila mwaka, bima ya kimbunga, na kutu.

MASWALI

*Nikinunua napata pasipoti?*
Hapana, kaka. Wanaotoa uraia kwa uwekezaji ni majirani, kama St. Kitts na Nevis, Dominica na Grenada. Barbados hawauzi.

*Dada, nimeona jumba la zamani la shamba la miwa. Linafaa?*
Kuta za matumbawe kama za Lamu, utazipenda. Lakini ujue unanunua nini machoni pa majirani. Mwaka 2024 serikali ilitaka kununua ekari 53 za Drax Hall ili ijenge makazi. Shamba hilo bado ni la ukoo uleule tangu zama za utumwa. Wananchi wakauliza kwa nini mrithi alipwe, na mpango ukasimamishwa. Hayo ni serikali, sembuse wewe.

*Mbona viwanja vya mashariki ni rahisi? Na vina mandhari!*
Sehemu kubwa ya kisiwa ni jiwe la matumbawe, imara. Upande wa St. Andrew na St. Joseph, wanakouita Scotland District, tabaka hilo halipo. Ni udongo unaoteleza. Barabara huko hupasuka na nyumba huhama bila mkokoteni. Ukipapenda, nenda baada ya mvua kubwa, uangalie nguzo za umeme zimeinama kiasi gani.