Umeme wa sola na upepo nyumbani: anza na hesabu, upepo uje mwisho

Kiangazi kikifika hapa Singida, simu huwa ni zile zile: "Fundi, nataka panga la upepo," yaani mtambo mdogo wa kufua umeme kwa upepo. Upepo tunao, hilo halina ubishi. Kititimo hapa kwetu na Makambako kule Njombe zilipimwa zamani zikaonekana zinafaa kufua umeme. Lakini upepo wa kilimani si upepo wa uani kwako, katikati ya miembe na bati za jirani. Ndiyo maana mpangilio wangu ni huu, na siubadilishi kirahisi.

Hatua ya 1: Hesabu matumizi

Andika kila kifaa, wati zake, na saa kinazowaka kwa siku. Zidisha, upate wati-saa (Wh). Tuchukue nyumba ya kawaida: taa 5 za LED za wati 7 kwa saa 5 ni Wh 175. Televisheni ya inchi 32 yenye wati 40, saa 5, ni Wh 200. Simu na redio weka Wh 100. Friji ndogo, Wh 700. Jumla 1,175, tuseme 1,200.

Umeona friji inavyokula? Peke yake inazidi vingine vyote pamoja. Kwa hiyo usikisie. Soma kibandiko chake, chukua kWh za mwaka, zidisha kwa 1,000 zigeuke Wh, kisha gawanya kwa 365. Pasi, jiko la umeme na hita ya maji usiziingize kabisa kwenye mfumo wa ukubwa huu.

Hatua ya 2: Betri

Betri ya lithiamu unaweza kuitumia hadi asilimia 80 ya ujazo wake bila kuiumiza. Ya risasi na asidi usivuke nusu. Lithiamu ya volti 24, ampea-saa (Ah) 100, inabeba Wh 2,400, na za kutumia ni 1,920: siku moja na nusu kwa nyumba yetu. Ukichukua za risasi, utahitaji ujazo wa Wh 3,840 kupata kiasi hicho hicho, na utazibadilisha mapema. Bei ya dukani inadanganya hapa.

Hatua ya 3: Paneli

Umeme mwingi hupotea kwenye joto, vumbi, waya na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri, DC, kuwa wa kawaida wa nyumbani, AC), hivyo gawanya matumizi kwa 0.7. Kisha gawanya kwa saa 4.5 za jua kamili kwa siku. 1,200 ÷ 0.7 ÷ 4.5 ni wati 381. Nunua paneli 2 za wati 200.

Singida iko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo zielekeze kaskazini, mwinamo nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Acha nafasi ya sentimita 10 kati ya paneli na bati; paneli ikipata joto sana hupunguza umeme. Kivuli cha tawi moja kikigusa paneli moja, kinaangusha mzunguko mzima. Kata tawi.

Hatua ya 4: Kontrola, inveta na waya

Wati 400 kwa volti 24 ni ampea 17 hivi. Ongeza robo, kisha chukua kontrola (kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri) ya ampea 30, aina ya MPPT inayokamua paneli vizuri zaidi, uunganishe paneli zote mbili kwa mfululizo. Mota ya friji huvuta mara kadhaa ya wati zake inapoanza, kwa hiyo chukua inveta ya wati 1,000, na iwe ya wimbi safi, inayotoa umeme laini kama wa gridi.

Kutoka kwenye paneli, waya wa milimita 4 za mraba unatosha kwa mita 10. Kati ya betri na inveta tumia milimita 16 za mraba, usizidi mita moja na nusu, na fyuzi ya DC karibu kabisa na betri. Breka ya AC usiiweke upande wa DC, haikati cheche vizuri.

Unganisha betri kwenye kontrola kwanza, paneli baadaye. Unapofungua, anza na paneli. Fremu za paneli na inveta zipate waya wa ethi, wa kwenda ardhini.

Hatua ya 5: Upepo, kama unastahili

Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane. Panga lenye kipenyo cha mita 2 kwenye upepo wa mita 4 kwa sekunde hutoa wati 30 hivi. Kwenye mita 8, karibu 240. Hata huo wa mita 4 ukivuma mchana na usiku bila kukoma, jambo ambalo halitokei, utapata Wh 700 kwa siku: karibu sawa na paneli moja ya wati 200, ambayo haina beringi wala nguzo. Kwa hiyo weka kipima upepo juu ya mlingoti kwa miezi kadhaa. Wastani ukiwa chini ya mita 5, ongeza paneli ya tatu, tumalizane.

Ukizidi, simamisha nguzo yenye waya za kuishikilia, panga lipite juu ya chochote kilicho ndani ya mita 150 kwa mita 9. Usifunge juu ya paa. Mtikisiko utalegeza misumari na usiku hamtalala.

Kontrola ya sola haifai kwa panga. Panga lisilo na mzigo huzunguka hadi livunjike, kwa hiyo kontrola ya upepo lazima iwe na hita ya kumeza umeme unaozidi betri ikijaa. Weka pia swichi ya breki inayounganisha nyaya zake tatu. Iwashe kabla hujagusa chochote, upepo ukiwa mdogo. Kontrola zote mbili zinaingia kwenye betri ile ile, kila moja na fyuzi yake.

Kila baada ya miezi mitatu kaza waya za nguzo na sikiliza beringi. Ikianza kusaga, shusha panga siku hiyo hiyo.