Kihisi cha HC-SR04: kishushe karibu na ardhi

Ukitaka HC-SR04, kihisi kinachopima umbali kwa mwangwi wa sauti, ikuonyeshe jiwe lililojificha kwenye nyasi fupi kabla mashine ya kukatia haijalifikia, ielekeze chini wima, sentimita 10 hivi kutoka ardhini, si mita moja. Sauti yake hutawanyika kwa nyuzi kama 15: ukiwa mita moja juu inafunika duara lenye upana wa sentimita 26, ukiwa sentimita 10 ni 2.6 tu. Pima ardhi tupu kwanza, kisha tafuta kipimo kinachopungua na kubaki hapo. Jani la nyasi hutoa namba zinazorukaruka. Penye nyasi ndefu usijisumbue, mwangwi wa kwanza utatoka kwenye majani. Kitambaa nacho hunywa sauti, kwa hiyo huenda kisionekane. Kilichofukiwa? Hakionekani kabisa.