Chicago kwa siku mbili: anza na simba wa Tsavo

Kama una siku mbili tu Chicago, usianze na maghorofa. Anza na simba wa Tsavo, maana hao ni wa kwetu. Wako Field Museum, jumba la makumbusho kando ya Ziwa Michigan. Ni madume wawili wasio na manyoya ya shingoni, wale wale waliovamia kambi za wajenzi wa reli ya Uganda mwaka 1898, wakati daraja la Mto Tsavo likijengwa. Msimamizi wa ujenzi huo, John Henry Patterson, aliwaua Desemba mwaka huo huo. Ngozi zao akazifanya mazulia ya nyumbani kwake kwa miaka mingi, kisha akaziuza kwa makumbusho haya kwa dola 5,000.

Nilipowaona mara ya kwanza nilishangaa walivyo wadogo. Kumbe ngozi zilishapunguzwa pembeni ili ziwe mazulia, na fundi aliyewajaza alitumia kilichobaki. Mmoja amesimama, mwenzake amelala. Patterson alidai waliua watu 135. Watafiti waliochunguza mifupa na nywele zao walikadiria mwaka 2009 kwamba walikula watu kama 35. Vyovyote iwavyo, walikuwa vibarua, Wahindi na Waafrika, na wengi wao hata majina yao hatuyajui. Nilisimama mbele ya kioo na mwanangu aliyezaliwa huku, nikamwonyesha Tsavo kwenye ramani ya simu, kati ya Mombasa na Nairobi, nikamwambia treni inapita huko mpaka leo. Aliuliza maswali njia nzima ya kurudi. Kwa hiyo ukiwa na watoto, tenga saa tatu hapo. Nunua tiketi mtandaoni kabla ya kwenda, na ukiwa na ndugu anayeishi Illinois mwulize kuhusu siku ambazo wakazi wa jimbo huingia bure.

Ukitoka, usiite teksi. Fuata ukingo wa ziwa kuelekea kaskazini kwa miguu, kama nusu saa hivi. Huoni ng'ambo, kama ukisimama Bukoba, ingawa Ziwa Victoria ndilo kubwa zaidi. Utapita Grant Park, mahali ambapo Kelvin Kiptum alimaliza mbio za marathoni tarehe 8 Oktoba 2023 kwa saa 2, sekunde 35, rekodi ya dunia wakati huo. Miezi minne baadaye alifariki kwa ajali ya gari nyumbani Kenya. Mimi siwezi kupita barabara ile bila kumkumbuka.

Mbele kidogo kuna Millennium Park na lile sanamu la chuma king'aavu la Anish Kapoor ambalo wenyeji huliita Harage. Nenda asubuhi mapema, kabla umati haujafika. Bustani ni bure. Ng'ambo ya barabara kuna Chicago Cultural Center, iliyokuwa maktaba ya mji tangu 1897. Nayo ni bure, ina vyoo safi, na kuba lake la vioo vya rangi linakufanya usahau miguu inavyouma.

Pesa ya kiingilio cha pili, ukiwa nayo, itumie kwenye boti ya mtoni. Kwa saa moja na nusu hivi mwongozaji anakueleza majengo yote, na anakueleza pia jinsi wahandisi walivyougeuza mto huu mwaka 1900 utiririke kinyume, kwa sababu maji taka yalikuwa yakiingia ziwani, kwenye maji ya kunywa. Karibu na daraja la Michigan Avenue tafuta sanamu ya Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi anayetambuliwa kuwa mwanzilishi wa mji huu.

Kuhusu kupanda ghorofani: kwanza simama chini utazame juu. Kama kilele kimemezwa na mawingu, hifadhi pesa yako. Niliwahi kulipia familia nzima, tukaona ukungu mweupe pande zote, na pesa hairudishwi.

Chakula? Piza nene ya Chicago huchukua dakika 40 au zaidi kuiva, kwa hiyo usiiagize ukiwa na safari. Anayetamani biriani, chapati na nyama halali apande treni ya Red Line hadi kituo cha Loyola, kisha basi namba 155 kuelekea magharibi, ashuke Devon Avenue penye maduka ya Wahindi na Wapakistani.

Usiingie mjini na gari. Maegesho yatakula bajeti yote. Mnaotoka Minneapolis au Milwaukee kwa gari, liacheni kituo cha Cumberland au Rosemont mpande treni ya Blue Line. Treni hiyo hiyo inatoka uwanja wa ndege wa O'Hare, usiku na mchana, kama dakika 45 hadi katikati ya mji, na getini unagusisha tu kadi ya benki. Siku ya kuondoka, ongeza nusu saa juu ya hesabu yako, kwani wikendi njia hufungwa vipande kwa matengenezo na abiria huhamishiwa kwenye mabasi. Na beba koti hata Mei, upepo wa ziwani hauna msimu.